Mshahara wa kumuuguza mama hautozwi kodi: nauandika wapi kwenye ritani?

Swali

Ninaishi San Diego, Marekani, pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili wa miaka 7 na 10, na mama yangu mzazi aliyepooza upande mmoja. California inanilipa kupitia IHSS, mpango wa jimbo wa huduma za nyumbani, kwa kumwogesha, kumvalisha, kumpikia na kumpeleka kliniki. Kwa mwaka 2025 nimeletewa W-2, fomu ya mshahara wa mwaka, yenye dola 26,000 kwenye kisanduku namba 1. W-2 ya mume wangu, ambaye anafanya kazi ghalani, ina dola 24,000. Mwenzangu kanisani ameniambia pesa ya kumtunza mzazi haina kodi, kwa hiyo nisiiandike kabisa. Aliyetujazia ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, mwaka jana aliiandika yote kama mshahara wa kawaida. Nani yuko sahihi? Na kama mwaka jana tulikosea, tumechelewa kurekebisha?

Jibu

Dada, nianze na jibu lenyewe: wote wawili wamekosea. Pesa hiyo kweli haitozwi kodi ya mapato, mradi wewe na mama mnaishi nyumba moja. Lakini kutotozwa ni jambo moja na kutoandikwa ni jambo jingine. Nakala ya W-2 yako imeshafika IRS, idara ya kodi ya Marekani, na kompyuta zao zitailinganisha na ritani yenu. Inavyotakiwa ni kuandika zile dola 26,000 mahali pa mishahara, kisha kuzitoa zote kwenye mstari mwingine uliowekwa kwa kazi hiyo tu. Na liko jambo la tatu ambalo hakuna aliyekugusia: kuamua kama pesa hiyo ihesabiwe au isihesabiwe kuwa mapato ya kazi mnapoomba krediti, yaani nafuu zinazopunguza kodi au kuwarudishia pesa. Nyumbani kwenu uamuzi huo peke yake una uzito wa karibu dola 4,000, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi kuliko kwingine.

Msamaha unatoka wapi, na mlango wake ni nyumba

Tarehe 3 Januari 2014 IRS ilitoa ilani iitwayo Notice 2014-7. Shika jina hilo kama lilivyo, maana utaliandika kwenye karatasi. Ilani inasema kwamba malipo ya weiva ya Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), yaani pesa ambazo jimbo linalipa ili mgonjwa ahudumiwe nyumbani badala ya kupelekwa kwenye nyumba ya wauguzi, yachukuliwe kama malipo ya ugumu wa malezi chini ya kifungu 131 cha sheria ya kodi. Kifungu hicho kilikuwa kinawasaidia walezi wanaopokea watoto wasio wao. Baada ya ilani, hata binti anayemhudumia mama yake mzazi anaingia. Udugu hauzuii msamaha, wala hauhitajiki. Asiye ndugu naye anaupata.

Sharti lenyewe ni makazi. Nyumba ambamo mgonjwa anahudumiwa lazima iwe ndiyo nyumba yako wewe mhudumu: unakolala, unakokula na familia, unakofanyia sikukuu. Haijalishi jina la nani liko kwenye mkataba wa pango. Kama mama alihamia kwenu, sawa. Kama ninyi mlihamia kwake na hamna makazi mengine, sawa pia. Wanaokwama ni wale wenye nyumba mbili. Mhudumu anayelala kwa mgonjwa siku nne za wiki, kisha anarudi kwake kwa mume na watoto mwisho wa wiki, hana msamaha, hata kama saa zake ni nyingi kuliko zako. Vivyo hivyo mama akiwa na apatimenti yake ghorofa ya chini na wewe unaishi ya juu, hizo ni nyumba mbili. Hapa ndipo watu wengi wa jamii zetu wanapojidanganya, kwa sababu kwetu mzazi aliye ghorofa ya chini "tunaishi naye". IRS haihesabu hivyo.

Kama ulihamia kwa mama katikati ya mwaka, msamaha unaanza siku mlipoanza kuishi pamoja. Chukua hati zako za malipo, ujumlishe za kabla na za baada ya siku hiyo kila moja peke yake. Na kama unamhudumia pia jirani kupitia mpango huohuo, pesa ya jirani inatozwa kodi kama mshahara mwingine wowote.

Pesa ambayo ndugu wanachanga kukulipa, au inayotoka kwenye bima binafsi ya mgonjwa, haimo kwenye ilani hii. Ilani inahusu malipo ya mpango wa jimbo ulio chini ya Medicaid, kwa huduma zilizoandikwa kwenye mpango wa matunzo wa mgonjwa. IHSS ya California imo. Kwa msomaji aliye Ohio, Arizona au Minnesota, uliza ajensi inayokulipa swali moja: je, malipo haya ni ya weiva ya Medicaid, na mnayo fomu ya kuthibitisha kwamba naishi na mgonjwa kwa ajili ya Notice 2014-7?

Soma W-2 kisanduku kwa kisanduku

Iweke W-2 yako mezani. Kisanduku namba 1 kina 26,000, yaani jimbo limeihesabu pesa yote kuwa mshahara wa kutozwa kodi. Halijakosea kwa makusudi. Halikuwa na karatasi yako ya kusema unaishi na mama. Kisanduku namba 2 kinaonyesha kodi ya mapato iliyokatwa, kama ipo. Hiyo mtarudishiwa.

Visanduku namba 3 na 5 navyo vina 26,000. Namba 4 kitakuwa na dola 1,612, yaani asilimia 6.2 ya Social Security (pensheni ya serikali), na namba 6 dola 377, asilimia 1.45 ya Medicare (bima ya afya ya wazee). Hizi haziguswi na ilani. Msamaha ni wa kodi ya mapato tu, kwa hiyo usimruhusu mtu akuahidi kuzirudisha. Zina faida yake pia: kwa mwaka 2025 kila dola 1,810 za mshahara uliokatwa makato haya zinakupa pointi moja ya Social Security, mwisho pointi nne kwa mwaka, na pensheni inahitaji pointi 40. Mke anayelipwa kumhudumia mumewe, au mzazi anayelipwa kumhudumia mwanawe, kwa kawaida hakatwi makato haya, na kwa hiyo hajengi pointi kwa kazi hiyo. Ni vizuri alijue hilo mapema, asije akalishtukia akiwa na miaka 62.

Sasa angalia kisanduku namba 12. Kuanzia W-2 za mwaka 2024 kuna msimbo II, yaani herufi I mbili, unaoonyesha malipo ya weiva yaliyoachwa nje ya kisanduku namba 1. Kwako haupo. Ungekuwepo, kisanduku namba 1 kingekuwa kitupu au kingekuwa na pesa ile tu inayotozwa kodi.

Mistari yenyewe

Kwa W-2 kama yako, yenye pesa kwenye kisanduku namba 1, hatua ni hizi.

Kwenye Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, mstari 1a, andikeni jumla ya W-2 zote mbili: 24,000 na 26,000, yaani 50,000. Kisha nendeni Skeduli 1, kiambatisho cha fomu hiyo, mstari 8s, ambao upo mahsusi kwa malipo ya weiva yasiyotozwa kodi yaliyoingia mstari 1a au 1d. Hapo mnaandika 26,000 ndani ya mabano, maana yake inatolewa. Hesabu ya Skeduli 1 inarudi kwenye Fomu 1040, mstari wa 8, ikiwa hasi 26,000. Jumla ya mapato kwenye mstari wa 9 inabaki 24,000, na kama hamna makato mengine hiyo ndiyo AGI yenu, yaani mapato baada ya marekebisho. Makato ya kawaida ya wanandoa kwa mwaka 2025 ni dola 31,500. Kodi yenu ya mapato ni sifuri.

Programu nyingi za kodi hazikuonyeshi mistari hii. Zinauliza tu, baada ya kuingiza W-2, kama kuna "hali isiyo ya kawaida", na ndani yake kuna chaguo la Medicaid waiver au Notice 2014-7. Likikupita, programu itaiacha pesa yote itozwe kodi. Baada ya kujaza, kabla ya kutuma, fungua nakala ya Skeduli 1 na uhakikishe kwa macho kwamba 8s ina namba na ina mabano. Bila mabano, 26,000 itakuwa imeongezwa juu ya 50,000.

Ambaye kisanduku chake namba 1 ni kitupu ana kazi nyepesi. Asipotaka pesa hiyo ihesabiwe kwenye krediti, haandiki kitu kwenye 1d wala 8s. Akitaka ihesabiwe, anaiandika yote kwenye mstari 1d, kisha anaitoa kwenye 8s. Mstari 1d si wako, dada. Wewe pesa yako imeshaingia 1a kupitia W-2. Ukiiandika tena 1d utaonekana umepata 52,000 kwa IHSS peke yake.

Aliyepewa 1099-NEC kwa sababu anahesabiwa kuwa mjiajiri hufanya kwenye Skeduli C: anaandika pesa yote mstari wa 1, halafu kwenye Sehemu ya V, ya gharama nyingine, anaandika "Notice 2014-7" na kiasi kilekile cha kutoa.

Uamuzi ambao hakuna aliyekuambia

Krediti mbili zinategemea mapato ya kazi: EIC, ambayo ni krediti ya wafanyakazi wa kipato cha chini na cha kati, na krediti ya ziada ya mtoto, ile sehemu ya krediti ya mtoto inayorudishwa mkononi hata kama huna kodi ya kulipa. Kwa muda mrefu IRS ilishikilia kwamba pesa iliyosamehewa kodi haiwezi kuhesabiwa kuwa mapato ya kazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Kodi ya Marekani, katika kesi ya Feigh, ilikataa hoja hiyo, na mwaka 2020 IRS ikaukubali uamuzi. Tangu hapo mlipwaji anachagua mwenyewe: ahesabu malipo yake yote ya weiva kuwa mapato ya kazi, au asihesabu hata senti. Nusunusu haikubaliki. Mume na mke wote wakiwa wanalipwa na weiva, kila mmoja anaweza kuwa na chaguo lake.

Watu wengi waliosikia habari hii wanadhani kuhesabu ndiko kuzuri daima. Sivyo, na nyumba yenu ndiyo mfano. Namba hizi ni za sheria ya mwaka 2025, wanandoa wanaojaza ritani ya pamoja, watoto wawili.

Mkifanya alivyofanya yule wa mwaka jana, yaani 50,000 yote itozwe kodi: mapato ya kutozwa ni 18,500, kodi 1,850. Krediti ya mtoto, dola 2,200 kwa kila mmoja, inaifuta kodi hiyo na kubakiza 2,550 za kurudishiwa. EIC inashuka hadi takriban 3,039, kwa sababu kwa wanandoa inaanza kupungua mapato yakizidi dola 30,470. Jumla ya krediti mkononi: karibu 5,589.

Mkitoa 26,000 kwenye 8s lakini mkachagua kuihesabu kuwa mapato ya kazi: kodi ni sifuri, krediti ya ziada ya mtoto inafika kikomo chake cha 1,700 kwa kila mtoto, yaani 3,400. EIC bado inatazama 50,000, kwa hiyo ni ileile 3,039. Jumla: karibu 6,439.

Mkitoa 26,000 na mkachagua kutoihesabu: mapato ya kazi ni 24,000 ya mumeo tu. EIC inafika juu kabisa, 7,152. Krediti ya ziada ya mtoto ni asilimia 15 ya kinachozidi 2,500, yaani 3,225. Jumla: 10,377.

Tazama jinsi EIC inavyofanya kazi: inapanda na mshahara, inafika kileleni, inakaa tambarare, kisha inateremka. Mshahara wa mumeo umeshawafikisha kwenye tambarare. Kuongeza pesa yako juu yake kunawasukuma kwenye mteremko.

Sasa mchukue mama anayelea watoto wawili peke yake, hana mshahara mwingine, IHSS inamlipa 38,400. Huyu akichagua kutohesabu, mapato yake ya kazi ni sifuri, na krediti zote mbili ni sifuri. Akihesabu, anapata EIC ya takriban 3,982 na krediti ya ziada ya 3,400: zaidi ya dola 7,300. Huyo ndiye anayeumia zaidi na ushauri wa "usiandike kabisa". Anaambiwa anakwepa kodi, kumbe anazikimbia pesa za watoto wake.

Kwa hiyo msikubali mtu awajazie bila kupiga hesabu mara mbili, mara moja pesa ikiwa ndani na mara moja ikiwa nje. Kwenye programu ni kubonyeza kitufe kimoja na kutazama marejesho yanabadilika vipi. Kumbukeni tu kwamba EIC inataka namba za Social Security zinazoruhusu kazi kwa baba, mama na watoto wote wanaoombewa. Mwenye ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, haipati. Na ritani yenye krediti hizi hairudishiwi pesa kabla ya katikati ya Februari, hata ukituma siku ya kwanza.

Yanayoharibika

Ukifuata ushauri wa mwenzako wa kanisani na kuiacha W-2 nje, tarajia barua ya CP2000 miezi kadhaa baadaye. Inasema: mwajiri ametuambia ulilipwa 26,000, sisi hatuioni, tunapendekeza kodi hii na riba hii. Barua hiyo inajibika. Unarudisha fomu ya majibu ukisema hukubali, unaeleza Notice 2014-7, unaambatisha ushahidi. Lakini ina tarehe ya mwisho, kwa kawaida siku 30, na wengi huiweka pembeni kwa woga mpaka pendekezo linageuka deni.

Kosa jingine ni kubadilisha namba ya kisanduku namba 1 kuwa sifuri unapoingiza W-2 kwenye programu. Usiguse. Ingiza W-2 kama ilivyochapwa, kisha tumia 8s. Wala usipoteze miezi ukiomba W-2 iliyorekebishwa. Ritani yenyewe ndiyo inayoweka mambo sawa.

Ushahidi ukusanye sasa, si siku barua itakapofika. Barua ya IHSS inayoonyesha mama ameidhinishwa na saa zake. Hati zako za malipo. Mkataba wa pango wenye majina yenu wote, au barua ya mwenye nyumba. Kitambulisho cha mama na barua zake za kliniki zenye anwani ileile iliyo kwenye leseni yako ya udereva. Anwani ikipishana hata kwa namba ya mlango, rekebisha. Namba ya apatimenti iliyosahaulika kwenye kitambulisho cha mama inaweza kukufanya uonekane unaishi nyumba tofauti naye.

Na mtu akikuambia mama haishi nanyi lakini "tuandike tu anaishi", ondoka. EIC iliyoombwa kwa uzembe wa kupuuza sheria inaweza kumfungia mtu miaka 2 asiiombe tena, na kwa udanganyifu miaka 10.

Mwaka jana

Hamjachelewa. Ritani ya serikali kuu inarekebishwa kwa Fomu 1040-X, ndani ya miaka 3 tangu siku mlipoituma au miaka 2 tangu mlipolipa kodi, yoyote itakayokuja baadaye. Mliotuma kabla ya siku ya mwisho ya Aprili mnahesabiwa kama mliotuma siku hiyo ya mwisho. Fomu ina safu tatu: A ni namba mlizoandika mwanzo, B ni tofauti, C ni namba sahihi. Kwenye sehemu ya maelezo andikeni sentensi fupi kwa Kiingereza kwamba malipo ya IHSS yaliyo kwenye W-2 ni malipo ya weiva ya Medicaid yasiyotozwa kodi chini ya Notice 2014-7, na kwamba mhudumu na mhudumiwa waliishi nyumba moja mwaka mzima. Ambatisheni Skeduli 1 mpya na Skeduli 8812 ya krediti ya watoto, na mpige upya hesabu ya EIC, kwa sababu hapo ndipo pesa zenu nyingi zilipopotelea. Tumieni viwango vya mwaka husika. Namba nilizopiga juu ni za 2025 tu.

Angalieni na miaka iliyotangulia, kama mama alikuwa tayari anaishi nanyi na muda haujapita. Kila mwaka una 1040-X yake. Majibu huchukua wiki 8 hadi 12, wakati mwingine 16.

California nayo inaufuata msamaha huu, na ritani yake inaanza na AGI ya serikali kuu. Mkirekebisha ya kwanza, rekebisheni na ya pili: Fomu 540 mpya pamoja na Skeduli X. Jimbo linatoa miaka 4 badala ya 3. Vituo vya VITA vinajaza ritani bure na wahudumu wake wanafundishwa habari ya Notice 2014-7. Ulizeni mapema kama kituo chenu kinashughulikia pia marekebisho.

Kuanzia sasa

Jaza fomu SOC 2298 ya IHSS, ya kuthibitisha kwamba unaishi na unayemhudumia. Ni ukurasa mfupi: jina na namba yako ya mhudumu, jina na namba ya mama, sahihi, tarehe. Ukihudumia wawili nyumbani, kila mmoja na fomu yake. Itume kwenye anwani iliyochapwa juu yake. Ikishapokelewa, pesa haiingizwi tena kwenye kisanduku namba 1 na kodi ya mapato haikatwi. Social Security na Medicare zinaendelea. Usitarajie ifute W-2 iliyokwisha kutolewa.

Kabla hujaituma, jiulize jambo moja ambalo washauri wa kodi husahau na familia zetu hulihitaji sana: je, mna mpango wa kumdhamini ndugu kutoka nyumbani? Fomu ya udhamini, I-864, inauliza jumla ya mapato kama ilivyo kwenye ritani, na mstari wenu wa 9 sasa utasoma 24,000, si 50,000. Hilo si sababu ya kuandika ritani vibaya, ila mwone mwanasheria wa uhamiaji mapema akuelekeze namna ya kuonyesha malipo ya IHSS, au kama mtahitaji mdhamini wa pamoja. Benki ya mkopo wa nyumba itakuwa na swali hilohilo. Hati za malipo na barua ya IHSS mara nyingi ndizo zinazoombwa. Upande wa bima ya afya mambo ni kinyume: AGI ndogo inawasaidia, kwa sababu Covered California (soko la bima la jimbo) na Medi-Cal (Medicaid ya California) huanzia hapo kupima kipato.

Siku mama akihamia kwa kaka yako, au wewe ukihama, jaza SOC 2299 kufuta ile ya kwanza, na uandike tarehe ya kuhama kwenye daftari lako la malipo.